Nairobi hadi New York ni kilomita 11,840. Je, mama atakaa kitini saa ngapi?

*"Mama yangu ana miaka 67, anaishi Mombasa. Januari anakwenda New York kwa kaka yangu kumwona mjukuu wake wa kwanza. Hajawahi kupanda ndege maishani. Nimeingia kwenye tovuti ya kupima umbali ikaniambia Nairobi mpaka New York ni kilomita 11,840, mwendo wa saa 13 na dakika 23. Tiketi ya ndege isiyotua njiani inasema saa 15. Ya kupitia Doha, ambayo ni nafuu, inasema saa 22 na dakika 40. Kaka anasema tusihangaike, ndege inaondoka 23:55 na kufika 06:55, hizo ni saa saba tu, mama atalala na akiamka amefika. Mume wangu naye anasema dunia inazunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo ndege ya kwenda magharibi ingefaa iwahi kufika kuliko ya kurudi, lakini tiketi zinaonyesha kinyume. Nani mkweli? Na kwa nini ramani ya safari inaonyesha ndege inapanda kaskazini hadi jangwani badala ya kukata moja kwa moja juu ya Kongo na Atlantiki? Mama ana presha, anameza kidonge kimoja kila usiku, na miguu humvimba akikaa sana. Bahari nayo anaiogopa. Nimpitishe njia gani?"*

Dada, kwanza mfikishie mama salamu zangu na hongera za kuitwa bibi. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kupanga safari za ndege kabla hazijaondoka: njia ipi ipitwe, mafuta yawe kiasi gani, upepo umekaaje. Kwa hiyo ya umbali na saa nitakujibu bila kusitasita. Ya presha na miguu nitakwenda nayo hadi pale ninapopajua, kisha nitakurudisha kwa daktari wenu.

Ukiyakusanya maswali yako yote, unachotaka kujua ni mama atakaa kitini muda gani na ni njia ipi itamchosha kidogo. Tovuti haikukujibu hilo. Ilifanya hesabu ya kugawanya tu. Chukua kilomita zako 11,840 ugawanye kwa 885, utapata saa 13 na dakika 23 kamili. Hiyo 885 ni maili 550 kwa saa, kasi ambayo tovuti za namna hii huipachika kwa kila safari duniani, iwe Nairobi hadi New York au Dar es Salaam hadi Zanzibar. Umbali waliokupa ni sahihi. Saa ndizo za kubuni.

Sasa tuzijaze zile dakika 97 zilizokosekana. Saa za tiketi hazihesabiwi tangu ndege ipae. Zinahesabiwa tangu inaposukumwa kutoka ilipoegeshwa Nairobi mpaka inaposimama getini New York. Katikati kuna kutambaa hadi njia ya kurukia, kungoja zamu, na kule mwisho kuna foleni ya kutua, maana kiwanja cha JFK kina shughuli nyingi na ndege za Ulaya nazo huwa zinawasili. Weka nusu saa kwa hayo. Kisha njia yenyewe haiwi ile fupi ya kwenye tovuti. Anga ina barabara zake na ina milango inayofungwa. Anga ya Sudan ilifungwa vita vilipoanza Aprili 2023, na ya Niger ikafungwa karibu mwezi mzima Agosti mwaka huohuo baada ya mapinduzi, na nchi zote mbili zimelalia mstari wa Nairobi hadi New York. Kuzunguka hapa na pale huongeza kilomita mia kadhaa. Tuseme njia inakuwa kilomita 12,400. Ndege aina ya Boeing 787, ambayo Kenya Airways ndiyo inayoitumia kwenye safari hii, hutembea karibu kilomita 900 kwa saa upepo ukiwa umetulia, lakini ukielekea magharibi upepo hautulii. Toa kilomita 40 za mbisho, yaani upepo wa usoni, kwa wastani wa safari nzima, zinabaki 860. Gawanya 12,400 kwa 860 upate saa 14 na dakika 25. Ongeza nusu saa ya ardhini. Umeona tumefika wapi? Saa 15 kasoro dakika tano.

Tiketi basi ndiyo yenye ukweli. Shirika hilo lilipoianzisha safari hii tarehe 28 Oktoba 2018 lilitangaza saa 15 kwenda na saa 14 kurudi, na hesabu hiyo bado inasimama, ingawa siku moja moja ndege huwahi kwa nusu saa au kuchelewa kwa hiyo hiyo kutegemea upepo ulivyoamka.

Hapo ndipo linapoingia la mumeo. Hoja yake ni ya watu wengi, tena wasomi, na ina mvuto wake: kama dunia inazunguka kwenda mashariki, ndege ikae tu angani na New York ijisogeze yenyewe. Kosa ni kudhani hewa imesimama. Hewa inazunguka pamoja na dunia. Ukiwa ndani ya treni ya SGR inayokimbia, ukirusha funguo juu zitakuangukia kiganjani, hazitabaki nyuma zikapige ukuta wa behewa, kwa sababu wewe, funguo na hewa ya humo ndani mnakwenda pamoja. Ndege nayo inaogelea ndani ya hewa inayosafiri na dunia. Kama hewa ingebaki nyuma, maeneo ya ikweta kama Nairobi yangepigwa na upepo wa kilomita 1,670 kwa saa usiku na mchana, na sijui ni bati gani la Eastleigh lingebaki juu ya nyumba.

Hata hivyo mzunguko wa dunia una mkono wake katika jambo hili, ila unafanya kazi kinyume na anavyodhani. Hewa yenye joto ya ikweta hupanda na kusambaa kuelekea kaskazini na kusini. Ikiwa inatoka ikweta, mahali ambapo dunia inazunguka kwa kasi kubwa, inafika kwenye sehemu ambazo ardhi chini yake inazunguka polepole zaidi, hivyo inaitangulia ardhi na kuvuma kuelekea mashariki. Pale hewa ya joto inapokutana na ya baridi, upepo huo hujikusanya kuwa mkondo mwembamba wenye nguvu, juu kama kilomita 10 hadi 12, ambako ndege za masafa marefu hupita. Kasi ya kilomita 200 kwa saa ni ya kawaida humo, na wakati wa baridi huzidi hapo. Februari 2020, dhoruba waliyoiita Ciara ilipokuwa ikivuma Atlantiki, ndege ya British Airways iliubeba mkondo huo ikatoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida ni saa sita na nusu au zaidi.

Mama atasafiri Januari, mwezi ambao mkondo uko kwenye nguvu zake, na atakuwa anakwenda mbisho. Nyie wa Mombasa hamhitaji kuelezwa hilo. Jahazi la kwenda Lamu kwa kusi na la kwenda Lamu kwa kaskazi ni maili zilezile, siku hazilingani. Saa za mwanzo, kutoka Nairobi hadi karibu na Chad, upepo wa juu huwa mpole. Mbisho huanza mkikaribia kusini mwa Algeria, na hauachi mpaka New York.

Kuhusu ramani: ningependa ulifanye hili mwenyewe kabla ya kuniamini. Tafuta tufe la dunia, hata lile la plastiki la watoto wa shule. Weka ncha ya uzi Nairobi, uvute hadi New York, uukaze. Utauona uzi wenyewe unapanda kaskazini. Unapita karibu na Gulu, Uganda, unaingia Sudan Kusini karibu na Wau, unakata kona ya Darfur, unavuka jangwa la Chad na Niger, unapita juu kidogo ya Tamanrasset kule Algeria, halafu Morocco. Nusu kamili ya safari iko karibu na Marrakech. Watu wengi hawaamini hilo, maana kwa ramani ya ukutani Marrakech ni jirani ya Hispania na iko mbali kabisa na njia. Baada ya hapo ni bahari, kupitia karibu juu ya visiwa vya Azores vya Ureno, mpaka pwani ya Marekani.

Mstari wako wa kupitia kaskazini mwa Kongo, Nigeria, Mali na Mauritania unaonekana mnyoofu kwa sababu karatasi imelazimisha dunia ya mviringo ilale chali. Kwenye tufe mstari huo ni wa kupinda, na ni mrefu kwa kilomita kama 350. Karatasi ndiyo inayodanganya, na huzidi kudanganya kadiri unavyokwenda kaskazini.

Na mama akiuliza kuhusu bahari, mwambie ukweli, usimfiche: juu ya maji watakuwa saa sita na ushei. Lakini zaidi ya nusu ya njia yake ni nchi kavu, na hata pale majini ndege haipangiwi njia ovyo. Kila hatua ya kuvuka Atlantiki tunahakikisha kuna kiwanja ambacho ndege inaweza kukifikia kwa injini moja, na Azores wana njia ndefu ya kurukia katikati ya bahari ambayo kila mpanga safari anaijua kwa jina. Tena itakuwa usiku. Mhudumu akishazima taa na madirisha yakatiwa giza, bahari wala hataiona.

Sasa hesabu ya kaka yako. Saa saba zake zimetokana na kuchukua saa ya Nairobi na saa ya New York akazitoa kana kwamba ni saa za mahali pamoja. Mwezi wa Januari New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8. Ndege ikitua 06:55 kwao, saa ya ukutani nyumbani Mombasa inasema 14:55, saa tisa kasoro dakika tano alasiri. Toka saa sita kasoro dakika tano usiku hadi saa tisa kasoro dakika tano alasiri ni saa 15, zilezile za kwenye tiketi. Na zingatia kwamba tofauti hiyo haikai mwaka mzima. Wamarekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, na kati ya hapo tofauti ni saa 7. Kama mama atarudi Aprili, usikariri ile 8.

Nikiwa hapohapo, kuna kosa la tarehe ambalo limewaachisha watu ndege zao, tena si wachache. Tiketi ya mama inasema 23:55, kwa hiyo tarehe iliyoandikwa ndiyo ya usiku huohuo. Shirika likisogeza ratiba kwa dakika 20 tu, ikawa 00:15, tarehe kwenye tiketi itaruka siku moja mbele ingawa kwako usiku ni uleule. Tiketi ikisema 00:15 ya Jumamosi, mama anatakiwa awe uwanjani Ijumaa jioni. Sisi tungesema usiku wa kuamkia Jumamosi, na hapo hakuna ambaye angekosea. Tatizo ni kwamba kompyuta haijui kuamkia. Kila ujumbe wa mabadiliko ukija, isome tarehe upya.

Ninaona pia kuna swali hukuuliza, nalo ni la muhimu kuliko ubishi wote huo: safari nzima ni saa ngapi, kutoka mlango wa Mombasa hadi mlango wa kaka yako. Mkimpandisha ndege ya jioni kutoka Moi, Mombasa, atoke nyumbani saa kumi alasiri, awe Nairobi saa tatu kabla ya ndege kubwa, apae, atue, asimame foleni ya uhamiaji ambayo inaweza kula saa nzima au mbili, achukue begi, aingie kwenye gari, itakuwa kama saa 25. Mkimpeleka kwa treni ya asubuhi siku hiyohiyo, jumla inapita saa 34, kwa sababu atashinda Nairobi akingoja. Ushauri wangu ni afike Nairobi siku moja kabla, alale kwa ndugu, apumzike. Mkikata tiketi ya Mombasa hadi Nairobi, ikiwezekana iwe pamoja na ile kubwa katika tiketi moja, ili ya kwanza ikichelewa shirika liwe na wajibu wa kumtafutia nyingine. Tiketi mbili mbalimbali, ya kwanza ikichelewa, hasara ni yenu.

Tuje kwenye Doha. Nairobi hadi Doha ni kilomita 3,350 hivi, na Doha hadi New York ni 10,770. Jumla 14,120, karibu sehemu moja ya tano ya safari nzima imeongezeka, kwa sababu unaanza kwa kwenda kaskazini mashariki, yaani unapageuzia mgongo pale unapokwenda. Zile saa 22 na dakika 40 ukizifungua utakuta kitu kama saa tano na robo angani, saa tatu na ushei za kungoja, halafu saa 14 nyingine. Angalia hiyo ya mwisho: mama hapunguziwi ule mkao mrefu. Anakaa saa 14 kwa kipande kimoja, pungufu kwa saa moja tu na ndege isiyotua, kisha anaongezewa safari nyingine juu yake.

Watu hufikiri kupitia Ulaya ndiko kuzunguka. Hesabu inasema vingine. Nairobi, Amsterdam, New York ni kama kilomita 12,530. Kupitia London ni 12,380. Uzi wetu tayari unapanda kaskazini, kwa hiyo Ulaya haiko mbali na njia, na vipande viwili vinakuwa vya saa nane nane na kitu, katikati mtu anasimama, anatembea, anakula chakula cha mezani. Kwa miguu inayovimba hiyo ni faida ya kweli, na mama angekuwa msafiri mzoefu ningeifikiria kwa makini. Ila mtaulizia kwanza masharti ya viza ya kupita, na mtakumbuka kuwa Januari theluji na ukungu huvuruga ratiba za viwanja vya Ulaya.

Kwa mama yako, mtu wa mara ya kwanza, ningelipia ndege isiyotua. Sababu yangu kubwa wala si zile saa. Kwenye kubadilisha ndege kuna ubao wa kusoma, geti linalohama dakika za mwisho, ukaguzi wa pili, na hakuna anayemjua. Kwenye ndege ya Nairobi atakuta wahudumu wanaozungumza Kiswahili, atamwambia mtu "mwanangu, miguu inaniuma" na akaeleweka. Kama bei imewashinda na Doha ndiyo inayowezekana, basi chagua ile yenye muda wa kubadilisha usiopungua saa tatu, na muombee msaada wa kiti cha magurudumu hata kama anatembea vizuri. Kiti hicho huja na mtu wa kumsukuma, kumpitisha ukaguzi na kumfikisha getini. Huduma hiyo ni bure, lakini iombwe mapema, angalau siku mbili kabla, na mhakikishe imeandikwa kwenye tiketi kwa safari zote, si ya kwanza peke yake. Hata kwenye ndege isiyotua ningemuombea, kwa ajili ya foleni ya JFK.

Chunguza pia maneno ya tiketi. "Moja kwa moja" haimaanishi haitui. Kuna safari zenye namba moja ya ndege ambazo hutua njiani kuongeza mafuta au kuchukua abiria. Ethiopian, kwa mfano, kuna miaka walikuwa wakienda Washington kwa kutua Dublin kunywa mafuta, ila wakirudi hawatui. Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na kwenye hewa nyepesi ya juu mabawa na injini hupoteza nguvu, ndege haiwezi kupaa na matangi yaliyojaa. Nairobi, kwenye mita 1,624, ina shida hiyohiyo kwa kiasi. Ndiyo sababu mojawapo ya ndege ya New York kuondoka usiku, hewa ikiwa imepoa na kuwa nzito.

Urefu huo unanipeleka kwenye afya. Ndani ya ndege hewa haikandamizwi hadi ya usawa wa bahari. Ndege nyingi za zamani huwa na hewa kama ya mtu aliyesimama kwenye futi 8,000, juu zaidi ya Limuru. Ile 787 hukaa karibu na futi 6,000, juu kidogo tu ya Nairobi yenyewe. Kwa mtu wa Mombasa hii ni habari njema na pia ni kipimo: kama mama akienda Nairobi hupumua vizuri, anapanda ngazi bila kuhema kuliko kawaida, kabini ya ndege hiyo haitamshtua sana. Kama Nairobi humbana kifua, mweleze daktari kabla hamjalipa chochote.

Miguu kuvimba yote miwili kwa kukaa ni jambo la kawaida na hupungua akilala. Kinachoogopwa ni damu kuganda kwenye mshipa wa ndani wa mguu. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa 2007 ulionyesha kwamba safari ya kukaa zaidi ya saa nne huongeza hatari hiyo karibu mara mbili, ingawa hatari yenyewe ni ndogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000. Kwa hiyo msimtishe, lakini msipuuze. Mkatieni kiti cha ujiani, siyo cha dirishani, ili asione haya kuwaamsha watu. Asimame na kutembea kila baada ya saa moja au mbili akiwa macho, na akiwa amekaa azungushe vifundo vya miguu. Anywe maji, hata kama anaona tabu kwenda chooni. Soksi za kubana zinasaidia, mradi zipimwe na mtu wa duka la dawa. Za kubahatisha zinaweza kubana mahali pasipotakiwa, hasa kwa mwenye shida ya mishipa au kisukari.

Kidonge nacho kina hesabu yake. Akimeza saa tatu usiku Nairobi kabla ya kupanda, saa tatu usiku inayofuata ya New York iko saa 32 mbele, si 24, maana siku yake imerefushwa kwa saa 8. Daktari anaweza kusema ameze kwa saa za nyumbani siku ya kwanza, yaani saa saba mchana wa New York, kisha asogeze polepole, au anaweza kuona dawa yake inavumilia pengo hilo. Inategemea ni dawa gani, na kama ni ile ya kukojoza kuna swali la choo cha ndege pia. Mimi siwezi kukuamulia, wala kaka yako asiamue. Dawa zote zikae kwenye mkoba anaoingia nao, kwenye pakiti zake, pamoja na karatasi ya daktari. Begi kubwa linaweza kupotea siku mbili.

Mpeleke kliniki wiki tatu au nne kabla. Msingoje hapo ikiwa amefanyiwa upasuaji karibuni, amewahi kuganda damu, moyo wake umewahi kulegea, au presha yake haijatulia hata akimeza dawa, kwani shirika la ndege linaweza kutaka fomu ijazwe na daktari. Mkatieni na bima ya safari, hospitali za Marekani hazisubiri harambee. Na kaka yako ajue hili kwa wiki kadhaa za mwanzo: mguu mmoja ukivimba kuliko mwingine, ukiwa na joto na maumivu, ni kwenda hospitali siku hiyohiyo. Kifua kikimbana ghafla, pumzi ikikatika au akikohoa damu, ni kupiga 911, namba ya dharura ya Marekani, papo hapo.

Usingizi utamsumbua kidogo tu akienda. Mwili huvumilia siku kurefushwa kuliko kufupishwa, kwa hiyo atasinzia mapema jioni na kuamka saa nane au tisa za usiku akitafuta chai, na baada ya siku kadhaa atazoea, hasa akitoka kuona jua la alasiri, hata lile hafifu la Januari. Kurudi ndiko kugumu. Atakaa saa 14 badala ya 15 kwa kuwa ule mkondo sasa unamsukuma, lakini siku yake itakuwa imekatwa kwa saa 7 au 8, na safari hiyo atapita usiku mfupi sana. Asipange treni ya Mombasa siku anayotua. Dozi zake nazo zitakaribiana badala ya kuachana, jambo ambalo kwa dawa ya presha lina uzito wake, kwa hiyo daktari aandike ratiba zote mbili, ya kwenda na ya kurudi, kwenye karatasi moja, kwa saa za Kiswahili kama mama anavyozisema, na kaka yako abaki na nakala.